Magamba Yaliyojirudia: Brashi za Kupakua na Brashi za Kujitengenezea

Kwa muda mrefu folda yangu ya brashi, yaani zana za kuchongea sanamu kwenye kompyuta, ilikuwa kubwa kuliko folda ya kazi nilizomaliza. Kulikuwa na brashi za ngozi ya binadamu, ngozi ya tembo, magome ya miti, mawe, vitambaa, mishono, makovu na manyoya. Nyingine nilizipakua bure, nyingine nilizilipia, na jumla ya fedha hizo ingetosha kununua tableti ya kuchorea iliyo bora kuliko niliyokuwa nayo. Nataja gharama hii mapema kwa sababu anayeanza uchongaji wa kidijitali haioni ikija. Kila kifurushi kina bei ndogo, na kila kimoja huonekana kuwa ndicho hasa kinachokosekana.

Kazi iliyonifundisha tofauti ya brashi za kupakua na za kujitengenezea ilikuwa ya mjusi mkubwa wa kubuni. Alitakiwa kwa matumizi mawili: picha za karibu za kompyuta, na sanamu ndogo ya kuchapishwa kwa printa ya resini. Tulikuwa timu ya watu wachache. Nilipewa kichwa, shingo na miguu ya mbele. Mchongaji mkuu alikuwa mzee wa kazi, mtu aliyeshika udongo miaka mingi kabla hajashika kalamu ya kidijitali.

Umbo kubwa lilienda vizuri. Nilitumia brashi zinazokuja na programu: ya kuvuta, ya kuongeza udongo, ya kusawazisha, ya kulainisha. Ilipofika zamu ya ngozi nikafungua kifurushi cha magamba nilichokuwa nimekinunua. Kilikuwa kizuri kweli, na sitaki mtu asome haya akidhani nakidharau. Aliyekitengeneza alijua kazi yake. Magamba yalikuwa na kina, kingo zake zilikuwa safi, na shingo nzima ikavaa ngozi kwa muda ambao kwa mkono ungenitosha kipande kidogo tu. Nilipeleka faili nikiwa na furaha.

Mzee alipolifungua hakusema lolote kuhusu magamba. Alizungusha taa mpaka ikawa inamulika kutoka kando, karibu sambamba na ngozi. Kisha akaweka kidole kwenye skrini, juu ya gamba lenye ufa mdogo upande wa kushoto. Akakisogeza kidole. Gamba lilelile. Akakisogeza tena.

“Binti yangu, huyu mnyama ana gamba moja tu,” akasema. “Umelipanga mara nyingi.”

Halafu akaniomba nifiche tabaka la magamba, akauliza: “Shingo hii inakunjika wapi?”

Sikuwa na jibu, na iliniuma. Kilichouma zaidi ni kwamba swali la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Kujirudia kwa gamba ningeweza kukuficha kwa kuchanganya brashi tatu au nne, kuzungusha alama, kubadilisha ukubwa. Lakini magamba yale hayakujua kwamba chini yake kuna shingo. Yalikaa vilevile juu ya koo, juu ya msuli na kwenye mkunjo wa bega. Kwa mjusi wa kweli sivyo. Pale mwili unapokunjika magamba huwa madogo na yenye nafasi, ili ngozi iweze kujongea. Juu ya kichwa mijusi wengi wana vigae vipana vichache. Na pale yanapolaliana, yanalala kuelekea nyuma. Brashi ya kupakua haina habari hizo, wala hatuwezi kuilaumu, maana aliyeitengeneza hakumjua mnyama wangu.

Hapo nikaanza kusoma kuhusu ngozi yenyewe badala ya kutafuta brashi nyingine. Jambo lililobadilisha kazi yangu nililikuta kwenye utafiti wa mamba. Magamba ya kichwa cha mamba hayaoti moja moja kama yale ya mwilini. Mwaka 2013 watafiti walieleza katika jarida la Science kwamba yanatokana na nguvu za kimwili ndani ya ngozi inayokua, wakayaita mipasuko. Na mwaka 2024 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba ni mikunjo, inayotokea kwa sababu ngozi hukua haraka kuliko mfupa ulio chini yake. Kwa mchongaji, maana yake ni moja: kwenye uso wa mamba mistari ndiyo inayotangulia, na gamba ni nafasi iliyobaki kati ya mstari na mstari.

Sasa fikiria brashi ya kugonga gamba zima kama muhuri. Inaanzia mwisho wa safari. Inakupa gamba, halafu wewe uhangaike kuziba nafasi kati ya gamba na gamba. Kwa uso wa mjusi wangu, ambaye tuliamua awe na ngozi ya aina ya mamba kichwani, nilihitaji brashi inayochora mfereji: mwembamba, wenye kingo zilizovimba kidogo, unaopanuka nikikandamiza kalamu na unaoishia taratibu. Nilikuwa na mamia ya brashi na hiyo sikuwa nayo.

Hapa inafaa nieleze brashi ni nini hasa, kwa sababu wengi tunaitumia kwa miaka bila kuifungua. Ndani yake kuna mambo manne. La kwanza ni kitendo: kusukuma nje, kuzamisha, kubana, kusawazisha, kuvimbisha. La pili ni mpigo: je, alama zinafuatana kwa karibu na kuwa mstari, zinatawanyika, au inagongwa moja tu unayoivuta ukubwa wake? La tatu ni alfa, yaani picha ya kijivu inayoambia programu wapi ipandishe na wapi ishushe. La nne ni mipangilio mingine yote: nguvu inavyopungua kuelekea ukingoni, umbali kati ya alama na alama, jinsi shinikizo la kalamu linavyogusa ukubwa na kina, na kama brashi iheshimu upande wa nyuma wa kitu chembamba kama sikio.

Tunapovutiwa na brashi ya mtu mwingine, mara nyingi tunachokiona ni hilo la tatu tu, alfa. Tunapakua picha. Ilhali brashi nyingi zenye manufaa zaidi ya kila siku hazina alfa ya ajabu kabisa. Mfano ninaoupenda ni DamStandard ya ZBrush, brashi ya kukata mikunjo ambayo wachongaji wengi wa programu hiyo huitumia kila siku. Dam ni kifupi cha Damien: ilitengenezwa na msanii Damien Canderle kwa kuibadilisha brashi ya Standard, kisha ikaingizwa kwenye programu. Brashi ambayo leo tunaihesabu kuwa ya kawaida ilianza kama ya kujitengenezea. Na ilianza kwa kubadilisha iliyokuwepo.

Hilo ndilo ningependa kila mtu alijue kabla ya kununua kifurushi kingine. Kujitengenezea brashi, mara nyingi, si kuanza na ukurasa mtupu. Brashi yangu ya mfereji ilitoka kwenye brashi ya mikunjo ya kawaida. Nilipunguza ukubwa wa duara la ndani ili nguvu ikae katikati. Niliongeza ubanaji kidogo ili kingo zivimbe. Niliwasha ule uzi wa kuvuta nyuma ya kalamu, unaoufanya mstari uwe mtulivu hata mkono ukitetemeka. Kisha nikabadilisha mchoro wa shinikizo ili kugusa kwepesi kutoe mkwaruzo na kukandamiza kutoe bonde. Sikugusa alfa. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko niliowahi kuutumia kutafuta brashi kama hiyo mtandaoni. Wanaotumia Blender, programu nyingine ya kuchongea, wanaweza kufanya hivyohivyo kwa kunakili brashi ya Draw Sharp au Crease na kuibadilisha nakala. Usiguse ya asili, maana siku utakapoihitaji hutakumbuka ilikuwaje.

Kwa brashi hiyo moja nilichora uso wote upya. Nilianza na mistari mikubwa inayotoka pembe ya mdomo na kuzunguka jicho, nikaigawa kwa mistari midogo, na nafasi zilizobaki nikazivimbisha kidogo. Ilikuwa polepole. Lakini kila gamba lilikuwa na sababu ya kuwa pale lilipo, na mzee alipoizungusha taa safari hii alitulia kwenye jicho, akauliza habari za kope tu.

Shingo na miguu ni habari nyingine. Pale magamba ni mengi, madogo, na yanaota moja moja, na kuyachora yote kwa mkono kungekula muda ambao timu haikuwa nao. Nilihitaji alfa, lakini alfa za mnyama huyu. Na hapa ndipo kuna mitego mingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtego wa kwanza ni picha ya kamera. Wazo la kupiga picha ngozi ya kweli, kuifanya nyeusi na nyeupe na kuigeuza alfa linavutia, na watu wengi huanzia hapo. Tatizo ni kwamba kamera hairekodi kina. Inarekodi mwanga na rangi. Doa jeusi juu ya ngozi tambarare litakuwa shimo. Sehemu inayong’aa kwa maji itakuwa kilima. Na kivuli kitazamisha upande mmoja wa kila gamba kuelekea taa iliyokuwepo siku ya picha. Unaweza kuisafisha picha, lakini nimeona ni rahisi zaidi kuchonga.

Nilichofanya ni kuchukua bapa tambarare lenye meshi nzito (meshi ni wavu wa pointi na nyuso ndogo unaounda umbo), nikachonga juu yake kundi dogo la magamba kwa mkono, kisha nikaiomba programu ikamate kina chake na kukigeuza picha ya kijivu. ZBrush ina kitufe chake cha kazi hiyo, kinaitwa GrabDoc. Kwenye programu nyingine unaweza kutengeneza picha ya kina kwa kamera iliyotazama bapa moja kwa moja kutoka juu. Kwa njia hii kijivu kinasema ukweli kuhusu kina, kwa sababu kimetoka kwenye kina.

Mtego wa pili ni ubora wa picha. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu za kijivu. Ukiitumia kwa kina kikubwa, mteremko laini unakuwa na vidaraja, na utadhani meshi yako ina ugonjwa. Picha ya biti 16 ina ngazi 65,536. Hifadhi alfa zako kwa biti 16, kwa aina ya faili inayoziheshimu kama TIFF au PNG ya biti 16. Kamwe usitumie JPEG: ni ya biti 8, na mkandamizo wake huacha vijisanduku ambavyo vitachongwa pamoja na magamba yako.

Mtego wa tatu ni kingo. Kama ukingo wa picha hauishii kwenye kijivu ambacho programu inakihesabu kuwa sifuri, kila ukigonga unapata alama ya mraba kuzunguka gamba. Ukitaka alfa ipandishe na kushusha kwa pamoja, kijivu cha katikati ndicho kiwe sifuri: kwenye ZBrush unakiweka kwa kitelezi cha MidValue, na kwenye Blender kwa Sample Bias iliyo kwenye tekstua, yaani picha, ya brashi. Ukitaka ipandishe tu, nyeusi iwe sifuri na ukingo ufifie mpaka nyeusi kabisa. Nimeona brashi za kulipia zenye kasoro hii, na watu wakihangaika kulainisha mraba ule kwa saa nzima bila kujua kwamba tatizo ni picha.

Nilitengeneza makundi machache tu: magamba madogo ya kwenye mkunjo, ya kati ya ubavuni mwa shingo, na makubwa ya mgongoni mwa shingo. Kila kundi lilikuwa na matoleo kadhaa ili jicho lisishike lile linalojirudia, na hakuna gamba lililokuwa na ufa wala kovu. Hilo la mwisho ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Kitu cha kipekee hakifai kukaa ndani ya brashi. Ufa, kovu, gamba lililovunjika, vyote vichongwe kwa mkono juu ya ngozi baada ya brashi kumaliza, kila kimoja mara moja, mahali ambapo mnyama angeweza kuumia kweli.

Kuhusu mwelekeo, programu nyingi zina njia ya kuifanya alfa igeuke kufuata mkono unakokwenda. Kwenye Blender inaitwa Rake. Niliiwasha, nikachora kwanza kwa rangi mistari inayoonyesha magamba yaelekee wapi, kisha nikapita juu ya mistari hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa nikigonga kwa kukisia.

Kuna jambo ambalo linahusu brashi zote, za kupakua na zako mwenyewe, na limenigharimu hasira nyingi: meshi. Brashi haiwezi kuchonga pale ambapo hakuna pointi. Ukigonga alfa yenye upana wa pikseli 2048 juu ya eneo lenye pointi 10,000, unapata picha ya takriban pointi 100 kwa 100, na magamba yatatoka kama yameyeyuka. Watu huilaumu brashi, wanatafuta nyingine, nayo inatoka hivyohivyo. Kumbuka pia kwamba kila ukigawanya meshi mara moja, nyuso huwa mara nne. Meshi ya nyuso 10,000 ikigawanywa mara tano inafika 10,240,000. Kwa hiyo jua kwanza kompyuta yako inabeba kiasi gani, halafu uamue gamba dogo kabisa litakuwa na ukubwa gani. Usiligonge gamba kwenye ngazi ya chini ukitumaini kugawanya baadaye kutalirudisha. Kugawanya kunalainisha, kina ambacho hakikurekodiwa hakirudi.

Kwa magamba ya mgongoni, yale yanayoinuka na kulaliana, alfa ya kijivu ilishindwa. Alfa ya kawaida inapandisha na kushusha tu. Haiwezi kutengeneza ukingo unaoning’inia juu ya gamba la nyuma yake. Kwa hilo kuna brashi za vekta, ambazo wachongaji huziita VDM. Hizi hurekodi mwelekeo pamoja na kimo, kwa hiyo kwa mguso mmoja unapata pembe iliyopinda, sikio, hata pua yenye matundu. ZBrush ilizileta kwenye toleo la 4R8 mwaka 2017, na Blender kwenye toleo la 3.5 mwaka 2023. Kwenye Blender zinatumia brashi ya Draw yenye tekstua iliyowekwa Area Plane, na picha iwe EXR ya biti 32, isiyobadilishwa rangi.

Zangu nilizitengeneza kwa gamba moja lililoinuka, na nakiri zilinipa raha ambayo sikuitegemea. Lakini VDM inanyoosha meshi sana: pale gamba linaponing’inia, nyuso chache zinalazimika kufunika eneo kubwa, na ukijaribu kuongeza vitundu vya ngozi juu yake vitachanika. Kwenye miguu, ambako sanamu ilikuwa bado inabadilishwa, niliunda meshi upya baada ya VDM kabla ya kuendelea. Mgongoni nilizichelewesha mpaka umbo lote lilipokubaliwa.

Printa nayo ilikuwa na neno lake. Mnyama aliyekusudiwa kuwa na kimo cha mita 4, akipunguzwa kuwa sanamu ya sentimita 20, amepunguzwa mara 20. Mfereji wa milimita 1 unakuwa 0.05, na 0.05 ni unene wa kawaida wa tabaka moja la resini. Yaani mfereji wote ni tabaka moja. Ukipaka rangi, haupo. Brashi za ngozi za kupakua nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya picha, zina kina kidogo kinachopendeza kwenye skrini. Kwa nakala ya kuchapisha nililazimika kuwa na toleo la pili la kila brashi yangu, lenye kina kikubwa na magamba machache zaidi, na kwa kuwa nilizitengeneza mwenyewe nilijua kitelezi gani nisogeze.

Jambo la leseni lilinikuta mwishoni, wakati wa kukabidhi. Aliyetupa kazi aliomba na faili za brashi, ili watu wake waweze kuendeleza mnyama. Zangu nilizikabidhi bila shida. Zile za kulipia nilizotumia kwenye mikanda na vifungo vya mavazi yake sikuruhusiwa kuzitoa. Leseni ilikuwa ya mtu mmoja. Tulilazimika kuwaandikia orodha ili wanunue wenyewe, na mazungumzo yale yalikuwa mazito kuliko yalivyostahili kuwa. Soma leseni siku unapopakua, na uiweke kwenye folda moja na brashi. Angalia mambo matatu: je, unaruhusiwa kufanyia kazi ya kulipwa, je, ni ya mtu mmoja au ya timu, na je, unaweza kuibadilisha kisha ukaitoa kwa mwingine. Alfa iliyopimwa kutoka ngozi ya mtu halisi mara nyingi ina masharti makali zaidi.

Pia weka kumbukumbu. Brashi zangu za mwanzo niliziita kwa majina yasiyo na maana, nazo nilizipoteza kwa kutojua ipi ni ipi. Sasa jina linataja kitendo na kitu, mfano “mfereji_mkunjo_laini”. Nakala ziko nje ya folda ya programu, kwa sababu matoleo hubadilika. Blender ilipotoa toleo la 4.3 mwezi wa Novemba 2024, brashi zilihamia kwenye mfumo wa aseti, yaani maktaba inayotumiwa na faili zote. Waliokuwa wamehifadhi brashi zao ndani ya faili za kazi walilazimika kuzihamisha kwenye maktaba hiyo. Aliyekuwa na folda iliyopangwa alimaliza haraka.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo haya yote ni ya bure, na watakukumbusha kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo nimeielewa kwa uzito wake, kwa sababu baada ya kazi ile nilipita kipindi cha kutengeneza brashi kwa ajili ya brashi. Nilikuwa na ya kila kitu, na sanamu hazikuongezeka. Kwa hiyo siku hizi sitengenezi brashi mpaka nimefanya jambo lilelile kwa mkono mara kadhaa ndani ya kazi halisi na naweza kusema kwa sentensi moja kile ambacho brashi iliyopo haifanyi. Nikishindwa kuisema, tatizo si brashi. Huenda ni umbo, huenda ni meshi, na mara nyingi ni kwamba sijamtazama mnyama vya kutosha.

Nilipofika hapo, kugawanya kazi kati ya brashi za kupakua na zangu kukawa kwepesi. Kilichotengenezwa na mashine hurudia kwa asili yake. Mishono, zipu, minyororo, misumari, ruwaza ya kitambaa kilichofumwa: kwa vitu hivyo nachukua za kupakua bila kusita, na ninawashukuru waliozitengeneza, kwa sababu kurudia ndiko kunakovifanya viaminike. Kilichoota au kilichochakaa, yaani ngozi, magamba, gome, mfupa, kovu, jiwe lililoliwa na maji, nakifanya kwa mkono au kwa brashi niliyoitengenezea kitu hicho. Kitu kilicho mbali na kamera nacho hakihitaji zaidi ya brashi ya kupakua, hata kama kimeota. Na kazi ya mazoezi ya anatomia naifanya kwa brashi za kawaida za programu peke yake, kama nne au tano, kwa sababu brashi ya ngozi huficha msuli ulio mahali pasipo pake.

Brashi yoyote mpya inayoingia kwangu, niliyoipakua au niliyoitengeneza, napita nayo kwenye tufe lenye meshi nzito kabla haijagusa kazi. Napiga mstari mrefu mmoja, mstari wa kuzunguka, mguso mwepesi na mguso mzito, halafu naishusha taa mpaka imulike kutoka kando. Natazama kingo, natazama kama kuna vidaraja, natazama kama jicho langu linashika kitu kinachojirudia. Naigeuza pia, kuzamisha badala ya kupandisha, kwa sababu brashi nyingi za kupakua hupendeza upande mmoja tu.

Sasa hivi namchonga kobe. Vigae vya gamba lake hukua kwa kuongezeka ukingoni, pete baada ya pete, kwa hiyo nimeinakili ile brashi ya mfereji, nikaondoa uvimbe wa kingo, nikaifanya itoe mistari mitatu sambamba kwa mpigo mmoja, na nachora kila kigae kuanzia katikati kwenda nje, kwa mpangilio ule kilivyokua.